Madini joto na mtindi: hofu ya kuvichanganya, na hatari iliyo mahali pengine

Wengi huijua iodini kwa sura yake ya duka la dawa: chupa ndogo yenye dawa ya rangi ya hudhurungi inayopakwa kwenye kidonda ili kuua vijidudu. Mtindi na vinywaji vingine vyenye bakteria hai, kwa upande wao, husifiwa kwa jambo lililo kinyume kabisa, yaani kumpelekea mnywaji vijidudu vyema tumboni. Hivyo, mtu aliyeshauriwa kutumia vidonge vya madini joto, jina la siku nyingi la iodini ya kwenye chakula, na ambaye hunywa mtindi kila siku, ana sababu ya kuuliza iwapo kimoja hakimwangamizi mwenzake.

Jibu ni kwamba hakimwangamizi. Kiasi cha madini joto ambacho mwili hukihitaji kwa siku hakitoshi kuua bakteria wa mtindi, wala hakuna madhara yaliyothibitishwa yanayotokana na kuvitumia viwili hivyo kwa pamoja. Mtu mwenye afya njema anaweza kumeza kidonge na kunywa mtindi wake katika mlo uleule. Hata hivyo, anayeishia kwenye jibu hilo huweza kupotoka, kwa kuwa madhara ya iodini yapo na yamewahi kuonekana katika eneo hili la Maziwa Makuu. Yanatokana na kipimo kinachomezwa na hali ya tezi ya anayekimeza, na mtindi hauna lawama.

Iodini ya kidonda na iodini ya chungu

Mkanganyiko unaanzia kwenye jina. Iodini iligunduliwa mwaka 1811 na mkemia Mfaransa Bernard Courtois, aliyekuwa akishughulika na majivu ya mwani. Katika umbo lake huru hushambulia kuta na protini za vijidudu, na hiyo ndiyo sababu ya kupakwa kwenye jeraha na kwenye ngozi kabla ya upasuaji. Umbo hilo silo linalotiwa katika chumvi wala katika vidonge vya lishe. Chumvi hutiwa potasiamu iodeti, na vidonge vingi hutengenezwa kwa potasiamu iodidi. Iodeti hugeuka kuwa iodidi mara ifikapo tumboni, na iodidi haina ukali ule wa dawa ya kidonda.

Kipimo nacho ni tofauti mno. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza mikrogramu 150 za iodini kwa siku kwa mtu mzima, mikrogramu 120 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, mikrogramu 90 kwa walio chini ya umri huo, na mikrogramu 250 kwa mjamzito na mama anayenyonyesha. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mahitaji ya mtu mzima kwa maisha yake yote yangejaa katika kijiko kimoja cha chai. Kwa upande mwingine, mililita moja ya dawa ya kidonda ya povidoni-iodini yenye nguvu ya asilimia 10 ina takriban miligramu 10 za iodini tendaji, yaani mikrogramu 10,000. Hicho ni kiasi kinachozidi mahitaji ya siku kwa zaidi ya mara 60. Dawa hiyo ni ya kupaka. Kuinywa, hata kwa matone katika glasi ya maji, si njia ya kujipatia madini joto.

Iodidi ya chakula haikai tumboni muda mrefu. Zaidi ya asilimia 90 yake hufyonzwa tumboni na katika utumbo mwembamba, ikaingia katika damu, kisha tezi ya thairoidi iliyo mbele ya koo huchukua inayoihitaji na figo hutoa iliyobaki kwa njia ya mkojo. Bakteria wa vinywaji hai hutarajiwa kufanya kazi yao zaidi huko chini, utumbo unakoelekea kuisha. Hata wanapokutana njiani, kiasi cha iodidi ni kidogo kiasi cha kutowadhuru.

Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi na awatazame wanaochachusha vyakula. Huko Ulaya, ambako kabichi huchachushwa kwa chumvi, ilidhaniwa kwa miaka mingi kwamba chumvi yenye madini joto huharibu kazi hiyo. Majaribio yameonyesha kwamba bakteria wa asidi laktiki huendelea kuichachusha kabichi bila tatizo. Maziwa yenyewe yana iodini ya asili, na wakati mwingine huongezewa nyingine na dawa ya iodini ambayo wafugaji wa kisasa huwapaka ng'ombe kwenye chuchu baada ya kukamua. Katika nchi za Ulaya maziwa ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya madini joto, na glasi moja yaweza kuwa na makumi ya mikrogramu. Ng'ombe anayelishwa majani ya ardhi isiyo na iodini, bila kulambishwa jiwe la chumvi, hutoa maziwa yenye kiasi kidogo zaidi. Kwa maneno mengine, mtu anywaye mtindi tayari anakunywa bakteria na iodini katika kikombe kimoja, na ndivyo walivyokunywa mababu zake.

Mtindi, ikivuguto na chupa za kisasa

Neno probayotiki ni geni, lakini jambo lenyewe si geni. Mwaka 2001 wataalamu walioitishwa na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, pamoja na WHO walilifafanua kuwa ni vijiumbe hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji manufaa ya kiafya. Karibu miaka mia moja kabla ya hapo, mwanasayansi Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alikuwa ameanza kuyasifu maziwa yaliyochacha kuwa yanarefusha maisha.

Katika ukanda huu hakuna aliyemngoja Metchnikoff. Wanyarwanda na Warundi wana ikivuguto, maziwa yaliyogandishwa na kusukwa katika kibuyu kiitwacho igisabo. Wakenya wana maziwa lala, na Wakalenjin wana mursik yao yenye kipande cha mkaa. Uganda magharibi kuna bushera ya mtama au ulezi, na Tanzania kuna togwa. Mjini Kigali maduka ya maziwa huuza ikivuguto kwa glasi tangu alfajiri, na wateja hukaa wakazungumza kama wengine wakaavyo penye kahawa.

Si kila kilichochacha kinastahili kuitwa probayotiki kwa maana ile ya wataalamu. Jina hilo hudai aina ya bakteria iliyochunguzwa na kujulikana, na idadi yake ya kutosha wakati wa kunywa. Mifano ya aina hiyo ipo karibu. Jijini Mwanza, kikundi cha wanawake kilianza katika miaka ya 2000 kutengeneza mtindi wenye bakteria teule, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada, na miongoni mwa walioupokea walikuwamo watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Nchini Uganda, mradi wa Yoba uliwawezesha wasindikaji wadogo kutumia hamira ya bei nafuu yenye Lactobacillus rhamnosus. Mtindi wa nyumbani nao ni chakula chema chenye protini na kalsiamu, hata pale ambapo hakuna ajuaye majina ya bakteria waliomo.

Kinachowaua bakteria hao ni moto. Mtindi ukimiminwa katika uji unaochemka hubaki na ladha na lishe yake, lakini walio hai ndani yake huwa wamekufa. Dawa za kuua bakteria alizoandika daktari nazo huwaathiri, ndiyo maana hushauriwa kuacha nafasi ya saa mbili hivi kati ya dawa hizo na kinywaji. Kidonge cha madini joto hakimo katika orodha hiyo.

Kwa nini viwili hivi hukutana katika mfuko mmoja

Huenda suala hili lingekuwa dogo kama watu wangevinunua vitu hivi kwa sababu zisizohusiana. Mara nyingi zinahusiana, na hapo ndipo pa kuwa macho.

Tezi ya thairoidi hutumia iodini kutengeneza homoni zinazoendesha kasi ya mwili mzima: joto, mapigo ya moyo, matumizi ya chakula na mwendo wa utumbo. Homoni zikipungua, mtu huchoka, huhisi baridi wenzake wakihisi joto, huongezeka uzito, ngozi hukauka, na choo hufunga. Homoni zikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, jasho humtoka, usingizi humpaa, uzito hupungua ingawa anakula, na choo huwa chepesi na cha mara kwa mara.

Yaani ugonjwa wa shingoni hujitangaza kwa lugha ya tumbo. Mtu mwenye choo kilichofunga huambiwa na jirani anywe mtindi, na shauri hilo si baya. Akiona na shingo inavimba, mwingine humwambia ni ukosefu wa madini joto, anunue vidonge. Shauri la kwanza litampa nafuu kidogo, la pili huenda likamfaa au likamdhuru, na wakati wote huo hakuna aliyempima damu. Vivyo hivyo, mtu anayeharisha kwa sababu ya homoni zilizozidi anaweza kutuliza tumbo kwa kinywaji cha bakteria huku akiongeza iodini juu ya tezi iliyokwisha kuzidiwa. Kinywaji hakikumdhuru, ila kimemchelewesha kufika kwa daktari.

Wapo watafiti wanaochunguza iwapo bakteria wa tumboni wana uhusiano wa moja kwa moja na afya ya tezi hiyo. Majaribio yaliyofanyika ni machache na madogo, na hayajafikia mahali pa kumwezesha mtu kudai kwamba mtindi hutibu rovu au kwamba huongeza ufyonzaji wa iodini. Tangazo linalodai hivyo limeitangulia sayansi.

Kisiwa cha Idjwi na somo la muhogo

Kama kuna mahali ambapo uchachushaji na madini joto vinakutana kweli, basi si katika chupa ya duka la dawa. Ni katika muhogo uliolowekwa, na historia yake inapita katika Ziwa Kivu.

Kisiwa cha Idjwi kiko katikati ya ziwa hilo, upande wa Kongo, na kutoka vilima vya magharibi mwa Rwanda kinaonekana kwa macho. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Ubelgiji, miongoni mwao François Delange na André Ermans, walikikuta kimegawanyika kwa namna ya kushangaza. Wakazi wa kaskazini walikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo unaoitwa pia goita, kwa wingi wa kutisha. Kusini-magharibi ugonjwa huo ulikuwa nadra. Hata hivyo wakazi wa pande zote mbili walikuwa wakipata iodini kidogo mno, bila tofauti ya maana. Ukosefu wa madini joto peke yake haukutosha kulieleza jambo hilo.

Uchunguzi uliofuata uliwafikisha kwenye muhogo uliolimwa na kuliwa kaskazini. Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali zinazozaa sianidi. Mwili hujikinga kwa kuigeuza sianidi hiyo kuwa thayosayaneti, isiyo na sumu kali kama ile ya kwanza, lakini yenye tabia moja mbaya: hugombea mlango uleule ambao iodini huutumia kuingia katika tezi. Iodini ikiwa tele, hushinda ugomvi huo. Ikiwa haba, thayosayaneti huziba njia, tezi hukua ikijitahidi kunasa kidogo kilichopo, na shingo hufura.

Madhara ya hali hiyo hayaishii kwenye sura ya shingo. Mtoto aliye tumboni hutegemea homoni za mama yake kwa ajili ya kuumbika kwa ubongo, na upungufu mkubwa wa iodini wakati wa mimba huweza kumwacha na ulemavu wa akili, uziwi na udumavu wa mwili usiorekebishika baadaye. Upungufu wa wastani nao huhusishwa na kushuka kwa uwezo wa mtoto wa kujifunza.

Hapa ndipo bakteria wa uchachushaji wanapoingia wakiwa upande wa iodini. Muhogo mchungu ukimenywa na kulowekwa katika maji kwa siku tatu au nne, hulainika na kuchacha, na sehemu kubwa ya kemikali zile huondoka kabla haujaanikwa na kusagwa. Unga unaotengenezwa kwa haraka, kwa kukatakata na kuanika juani bila kuloweka, hubaki na kiasi kikubwa zaidi. Wakati wa njaa, vita au bei kubwa ya chakula, siku za kuloweka hupunguzwa. Kwa familia inayoishi kwa ugali wa muhogo milimani, siku hizo za kuloweka zina uzito mkubwa kuliko chupa yoyote ya probayotiki, na hazigharimu kitu isipokuwa maji na subira.

Dawa ilipozidi

Chumvi yenye madini joto ndiyo iliyobadilisha hali katika nchi nyingi. Uswisi na Marekani zilianza kuitumia katika miaka ya 1920, na Afrika Mashariki na Kati ziliipanua katika miaka ya 1980 na 1990. Kwa sehemu zilizokuwa na upungufu mkubwa, Tanzania iligawa pia vidonge vya mafuta yenye iodini.

Mafanikio hayo yalikuja na onyo. Katikati ya miaka ya 1990, madaktari wa Zimbabwe na wa Kivu waliripoti ongezeko la wagonjwa wenye homoni za thairoidi zilizozidi, baada ya chumvi yenye madini joto kuenea. Walioathirika zaidi walikuwa watu wazima wenye rovu la miaka mingi. Katika rovu kuukuu huota vinundu visivyotii tena amri ya mwili: vikikosa iodini hutulia, vikiipata ghafla hutengeneza homoni bila kikomo. Moyo wa mzee huweza kushindwa kustahimili mwendo huo. Mwaka 1996 WHO na washirika wake walipendekeza kiwango cha miligramu 20 hadi 40 za iodini kwa kilo moja ya chumvi, chini ya viwango vilivyokuwa vikitumika kwingineko. Hakuna aliyependekeza chumvi hiyo iachwe, kwa kuwa faida yake kwa watoto ilizidi mno hasara hiyo, na ongezeko la wagonjwa hao hupungua jamii inapozoea kupata iodini ya kutosha.

Hesabu yake ni rahisi. Chumvi yenye miligramu 30 kwa kilo humpa mtu mikrogramu 150 katika gramu 5, takriban kijiko kimoja cha chai, na WHO inashauri mtu mzima asizidishe kiasi hicho cha chumvi kwa siku. Sehemu ya tano hivi huweza kupotea wakati wa kupika. Kwa hiyo nyumba inayotumia chumvi iliyotiwa madini joto ipasavyo huwa karibu na lengo bila kidonge chochote. Nchini Uganda, vipimo vya mkojo wa watoto wa shule vilivyofanywa katika miaka ya 2000 vilikuta iodini ikiwa juu ya kiwango kinachotakiwa. Anayeongeza vidonge katika mazingira kama hayo huongeza juu ya wingi.

Tena vidonge vyenyewe havifanani. Lebo ya bidhaa moja husema mikrogramu 150, ya nyingine husema miligramu kadhaa, na tofauti ya neno hilo moja ni mara elfu. Vidonge vya potasiamu iodidi vya miligramu 130, vilivyokusudiwa kugawiwa wakati wa ajali za nyuklia, vina takriban miligramu 100 za iodini, sawa na mahitaji ya zaidi ya siku 600 kwa mmezo mmoja. Tone moja la maji ya Lugol ya asilimia 5, yanayouzwa mitandaoni kama kirutubishi, lina takriban miligramu 6, mara 40 ya mahitaji ya siku. Vidonge vya mwani wa bahari za baridi huweza kuwa na iodini nyingi isiyolingana na iliyoandikwa. Mipaka ya juu kwa mtu mzima imewekwa kuwa mikrogramu 600 kwa siku barani Ulaya na mikrogramu 1,100 nchini Marekani. Iodini inayoizidi mipaka hiyo kwa muda mrefu huweza kuichochea tezi au, kinyume chake, kuizima. Mtu huweza kupata rovu kwa kukosa iodini, na mwingine akalipata kwa kuizidisha.

Wanaopaswa kumwona daktari kwanza

Mwenye uvimbe wa shingo, aliyewahi kutibiwa tezi ya thairoidi, au anayetumia dawa ya kupunguza homoni zake kama kabimazoli, hapaswi kujiandikia iodini. Hali kadhalika anayetumia lithiamu kwa maradhi ya akili, au amiodaroni kwa moyo, dawa ambayo yenyewe imejaa iodini. Potasiamu iodidi kwa vipimo vikubwa inahitaji tahadhari pia kwa mgonjwa wa figo na kwa anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazozuia potasiamu kutoka mwilini, kwa mfano lisinoprili au spironolaktoni.

Wapo wanaoshauriwa vibaya kwa kudhani kwamba levothairoksini ni kidonge cha madini joto. Levothairoksini ni homoni kamili, inayotolewa kwa mtu ambaye tezi yake haitengenezi ya kutosha. Kwa mtu huyu, mtindi una neno la kuangaliwa: kalsiamu ya maziwa huzuia sehemu ya dawa kufyonzwa. Dawa humezwa kwa maji tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, na mtindi husubiri mlo wa baadaye. Vidonge vya kalsiamu na vya madini ya chuma huachiwa saa nne.

Upande wa bakteria, watu wengi huvumilia vinywaji hai vizuri, pengine kwa gesi kidogo tumboni siku za mwanzo. Tahadhari ni kwa aliyelazwa akiwa mahututi, aliye na mpira wa dawa katika mshipa mkubwa wa damu, au ambaye kinga yake imeporomoka kabisa. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya madaktari kuhusu kuwapa watoto njiti bidhaa za bakteria hai, kwa hofu ya bakteria hao kuingia katika damu.

Mjamzito na chungu cha nyumbani

Mjamzito ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya madini joto, na ndiye anayepaswa kuuliza zaidi. Mwongozo wa WHO na UNICEF wa mwaka 2007 unaelekeza virutubishi vya nyongeza kwa wajawazito na wanaonyonyesha katika maeneo ambako chumvi yenye madini joto haijawafikia watu wa kutosha. Kwingineko chumvi hutosha. Baadhi ya vidonge vya mseto vinavyotolewa kliniki tayari vina iodini, vingine vina madini ya chuma na foliki pekee, hivyo ni vyema mama aende na vidonge alivyo navyo, aoneshe, kabla ya kununua vingine.

Mtindi kwake ni chakula chema, kwa sharti la maziwa. Ikivuguto iliyotengenezwa kwa maziwa mabichi huweza kubeba vijidudu vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu hauaminiki kuviua vyote. Maziwa huchemshwa kwanza, yakaachwa yapoe hadi kuwa vuguvugu, ndipo yatiwe kijiko cha mtindi uliotangulia na kufunikwa hadi kesho yake.

Chumvi nayo ina matunzo yake. Inayouzwa kwa mafungu sokoni ikiwa wazi, penye jua na unyevu, hupoteza madini joto kidogo kidogo, na ya mawe isiyo na lebo huenda haikutiwa kabisa. Iliyofungwa na kuandikwa hudumu ikihifadhiwa katika chombo chenye kifuniko, mbali na moshi na mvuke wa jikoni, na hutiwa katika mboga zikikaribia kuiva.